Mwathirika au Aliyefikiwa? Tahakiki ya Istilahi za Kumbukumbu za Wagonjwa wa Maji

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazofika katika meza yetu ya istilahi zipo zile zinazosindikizwa na barua fupi yenye ombi fupi: tafadhali sahihisheni tahajia. Fomu tunayoitahakiki katika makala haya ililetwa kwa barua ya namna hiyo. Ni karatasi moja yenye kurasa mbili, pamoja na mwongozo wake, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya zahanati na wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii. Kusudi lake ni kuandika habari za watu waliotumia maji yanayodhaniwa kuwa na madhara, ili habari hizo zitiwe misimbo na kuhesabiwa. Ofisi iliyoileta hatuitaji, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza si yake peke yake. Mengine, kama tutakavyokiri hapo mbele, ni yetu.

Tahajia yake ilikuwa safi, na tungeweza kuirudisha siku ile ile. Lakini kila tulipoisoma tulijiuliza: mhudumu akilisoma swali hili kama lilivyo, mama aliyeketi mbele yake na mtoto mgongoni atajibu nini? Na jibu lake likifika mezani kwa mtunza kumbukumbu, litahesabiwa katika fungu gani? Tulipojaribu kujibu maswali hayo mawili tuliona kwamba fomu haikuhitaji kusahihishwa tahajia. Ilihitaji kusahihishwa maneno manne au matano, na maneno hayo ndiyo yaliyobeba fomu yote.

Yafaa tuanze kwa haki ya mfasiri. Mahali palipohusu vyanzo vya maji amefanya kazi nzuri sana. Hakutafuta maneno ya mbali. Ametaja kisima cha kamba, kisima kirefu chenye pampu, bomba la nyumbani, kioski cha maji, mto, lambo, maji ya mvua na maji ya boza. Kila mtu anayebeba dumu atajitambua katika orodha hiyo. Laiti ujuzi huo angeutumia katika kurasa zote mbili, makala haya yasingekuwa na haja.

Kumbukumbu na misimbo

Huenda baadhi ya wasomaji wakadhani kwamba tunakuza jambo dogo. Fomu ni fomu; mgonjwa hutibiwa na daktari, hatibiwi na karatasi. Maneno hayo ni kweli kwa mgonjwa mmoja, lakini si kweli kwa kijiji. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua watu wengi katika eneo la Soho, London, daktari John Snow alichukua orodha ya waliokufa kutoka ofisi ya kuandikisha vifo, akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza kila marehemu alikuwa akiteka maji wapi. Vifo vingi vikaonekana kuizunguka pampu moja ya Broad Street. Vijidudu vya ugonjwa ule vilikuja kuelezwa na Robert Koch mwaka 1884, miaka 30 baadaye. Snow hakuwa na ujuzi huo. Alichokuwa nacho ni orodha ya majina, mahali walipokaa watu, na swali moja lililoulizwa kwa lugha wanayoifahamu wenyewe.

Kutokana na orodha za vifo za karne ile ndipo ulipokua uainishaji wa kimataifa wa magonjwa. Orodha ya kwanza ya kimataifa, iliyotungwa na Jacques Bertillon, ilikubaliwa mwaka 1893. Shirika la Afya Duniani likachukua kazi hiyo mwaka 1948. Toleo la 10 likapitishwa mwaka 1990, na toleo la 11 likaanza rasmi tarehe 1 Januari 2022. Katika toleo la 10, ambalo ndilo tutakalolitolea mifano, kila ugonjwa una herufi na tarakimu zake. Kipindupindu ni A00, homa ya matumbo ni A01.0, kichocho ni B65. Alama hizi hazibadiliki kwa lugha, na hiyo ndiyo faida yake: mgonjwa wa zahanati ya Kyela na mgonjwa wa hospitali ya Dhaka wanaweza kujumlishwa katika safu moja. Lakini alama haijichagui yenyewe. Huchaguliwa na mtu anayesoma neno lililoandikwa. Neno likikosewa, msimbo utakosewa kwa uaminifu mkubwa, na hakuna mashine itakayogundua.

Hapa tunaikuta kasoro ya kwanza ya mwongozo, nayo ni ndogo. Mwongozo wasema, "Kila mgonjwa apewe kodi kulingana na ugonjwa wake." Mwananchi wa Tanzania anaijua kodi ya mapato, kodi ya pango na kodi ya kichwa ya zamani. Sasa ataambiwa ipo na kodi ya ugonjwa! Neno msimbo, wingi wake misimbo, lipo katika Kiswahili, na kitenzi chake ni kusimba. Tunashauri litumike, na kodi ibaki kwa mamlaka inayohusika nayo.

Maji machafu ni yapi?

Swali la kwanza la fomu lasema: "Je, mgonjwa ametumia maji machafu? Ndiyo/Hapana." Swali hili laonekana jepesi, lakini ni tego kwa anayeuliza na anayejibu.

Katika Kiswahili cha kila siku, uchafu ni jambo la macho na pua. Maji machafu ni yale yenye tope, takataka, rangi au harufu. Mama aliyefundishwa kuyatuliza maji, kuyachuja kwa kitambaa na kuyafunika mtungini hawezi kukubali mbele ya mgeni kwamba anamnywesha mwanawe maji machafu. Swali limekuwa tuhuma juu ya usafi wa nyumba yake, na jibu litakuwa hapana. Tena jibu lake ni la kweli, maana maji anayoyateka huenda ni maangavu kabisa.

Tuchukue mfano wa floraidi. Katika sehemu za mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na mingineyo, maji hupita katika miamba iliyotokana na volkano na kuyeyusha madini ya floraidi. Floraidi ndani ya maji haionekani wala hainuki. Mtoto akiyanywa maji hayo kwa wingi meno yake yanapokua, hutoka na madoa ya kahawia, na watu wa mikoa mingine humdhania hapigi mswaki. Mtu akiyanywa kwa miaka mingi na kiwango kikiwa kikubwa, mifupa huuma, viungo hukakamaa, na miguu ya watoto huweza kupinda. Wilayani Arumeru ipo kata iitwayo Maji ya Chai. Waliolitoa jina hilo waliandika kile ambacho macho yao yaliona, yaani rangi. Kile ambacho macho hayakuweza kuona hakikupata jina.

Sasa tufungue mwongozo, ukurasa wa ushauri: "Mgonjwa aliyetumia maji machafu ashauriwe kuchemsha maji." Kwa vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo ushauri huo ni sahihi. Kwa floraidi ni kinyume chake, maana moto hauondoi floraidi. Maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki, kwa hiyo yaliyosalia huzidi ukali. Ndivyo ilivyo pia kwa madini ya risasi. Neno moja limezikusanya aina mbili za hatari ambazo tiba zake hupingana, na mhudumu mtiifu atamshauri mama atumie kuni zake kuyafanya maji yawe mabaya zaidi. Hapo Arusha, katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wataalamu wamefanya kazi kwa miaka mingi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa. Fomu inayosema machafu haiwezi kumpeleka mtu yeyote kwenye mkaa huo.

Wapo watakaosema, basi tuseme "maji yasiyo salama". Neno hilo ni bora, nasi twalikubali katika mazungumzo ya jumla. Hata hivyo usalama nao una tarehe. Shirika la Afya Duniani laelekeza kwamba floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Tanzania, kwa uhaba wa vyanzo, iliwahi kuruhusu hadi miligramu 8, ikashuka hadi 4, na sasa kiwango chake ni 1.5. Kisima kilichoandikwa "salama" katika daftari la zamani chaweza kuwa si salama leo, ingawa hakuna tone lililobadilika. Kwa sababu hiyo twashauri kumbukumbu itaje kilichomo na kipimo chake pale kinapojulikana, na isipojulikana itaje chanzo: maji ya kisima fulani, yaliyotumika tangu mwaka fulani. Sifa ya maji iachiwe maabara.

Mwathirika

Kasoro kubwa zaidi imo katika kichwa cha safu ya tatu: "Mwathirika wa maji." Mwongozo waeleza kwamba kila aliyetumia maji ya chanzo kinachodhaniwa kuwa kibaya aandikwe katika safu hiyo, awe anaumwa au haumwi. Lakini neno lililochaguliwa halikubali maelezo hayo. Athari ni alama inayobaki, ni matokeo. Aliyeathirika ni yule ambaye jambo limekwisha kumpata na kumwachia alama. Mtu mzima wa afya aliyekunywa maji ya kisima kile kile na ambaye hajaona dalili yoyote hatasema kuwa ameathirika, na mhudumu hatamwandika. Kwa hiyo safu iliyokusudiwa kuwa ya wote waliotumia maji itakuwa ya wanaoumwa peke yao, na wale ambao madhara yao yatajitokeza baada ya miaka mitano au ishirini watakuwa hawamo.

Uainishaji wa kimataifa wenyewe hauchanganyi mambo hayo. Toleo la 10 limetenga sura nzima, yenye herufi Z, kwa ajili ya mambo yanayoigusa afya ya mtu ingawa yeye si mgonjwa. Humo Z58.2 ni ya mtu aliyefikiwa na uchafuzi wa maji, na Z58.6 ni ya upungufu wa maji ya kunywa yanayofaa. Aliyekwisha kudhurika na sumu ya madini huandikwa mahali pengine kabisa, chini ya herufi T.

Mfano wa Flint, katika jimbo la Michigan, Marekani, waonyesha faida ya kutenganisha. Mwezi Aprili 2014 mji ule ulibadili chanzo cha maji na kuanza kutumia maji ya mto Flint, bila kuyatia dawa ya kuzuia kutu. Maji yakala mabomba ya zamani na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Wakazi walilalamika, wakaambiwa maji yanafaa. Mwezi Septemba 2015 daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alitoa matokeo aliyoyapata kwa kulinganisha vipimo vya damu vya watoto vilivyokuwamo katika kumbukumbu za hospitali, kabla na baada ya mabadiliko ya maji, kwa kufuata mahali walipoishi. Mwezi Oktoba 2015 mji ukaacha kutumia maji ya mto. Alichofanya daktari huyu ndicho alichofanya Snow miaka 161 kabla yake: orodha, makazi, na chanzo cha maji.

Mwezi huo huo wa Oktoba 2015 Marekani ilianza kutumia toleo lake la misimbo lililotokana na toleo la 10. Katika toleo hilo mtoto wa Flint aweza kuandikwa kwa namna tatu zilizo mbalimbali. Z77.011 yasema kwamba alifikiwa, au yadhaniwa alifikiwa, na madini ya risasi. R78.71 yasema kwamba damu yake imepimwa na kukutwa na kiwango kisicho cha kawaida. T56.0 yasema kwamba madini hayo yamekwisha kumdhuru. Ni hatua tatu za njia moja, na mtoto aweza kusimama katika hatua ya kwanza maisha yake yote. Kwa Kiswahili cha fomu yetu watoto hao wote ni "waathirika wa maji". Neno moja limezimeza hatua tatu.

Wala si mara ya kwanza kwa neno hili kututia hasarani. Wasomaji watakumbuka kwamba kwa miaka mingi watu wenye virusi vya UKIMWI waliitwa waathirika. Wenyewe walilikataa jina hilo, kwa kuwa liliwatangaza kuwa wamekwisha, ilhali walikuwa wakifanya kazi na kulea watoto. Leo tunasema watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na kifupisho WAVIU kimeenea. Somo lile lilikuwa la heshima. Somo la fomu hii ni la hesabu, lakini neno lenye kosa ni lile lile.

Hapa yatupasa kukiri. Miaka michache iliyopita tuliulizwa kwa simu ni neno gani lifae kwa mfanyakazi aliyefikiwa na kemikali kazini ambaye bado hajapimwa. Tulijibu mara moja: mwathirika. Lilikuwapo, lilikuwa likisikika redioni, nasi tulikuwa na kazi nyingine. Hatuwezi kujua jibu lile liliingia katika karatasi ngapi. Tunaloweza ni kulifuta hapa, mbele ya wasomaji wale wale wanaotuuliza.

Neno gani badala yake?

Mapendekezo tuliyoyasikia ni mengi. "Kuwekwa wazi" ni tafsiri ya neno kwa neno na haimwambii Mswahili kitu, ila kwamba siri imetoboka. "Kukabiliwa" lina nguvu, lakini anayekabiliwa na hatari huiona ikija, na hatari ya maji haionekani. "Kufikwa" limezoea msiba. Waliofikwa ni wafiwa, na kwa hiyo tungerudi pale pale kwenye athari.

Sisi twapendekeza kufikiwa. Mwenye nyumba husema "tumefikiwa na wageni" kabla hajajua kama wageni hao wameleta heri au shari. Jambo limefika, matokeo yake bado. Hiyo ndiyo maana inayotakiwa. Hivyo tutasema mtoto aliyefikiwa na madini ya risasi, wakazi waliofikiwa na floraidi, na kwa jumla kufikiwa na uchafuzi. Hatuoni haja ya kuunda nomino mpya, maana kitenzi-jina cha Kiswahili chatosha kuwa jina. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini neno hilo ni la mwongozo na la msimbo. Swali analoulizwa mgonjwa liwe jepesi zaidi, nalo litenganishe matumizi: je, uliyanywa maji haya, uliyapikia, uliyaoga, au uliingia ndani yake? Kichocho hakiingii kwa kunywa, huingia kupitia ngozi. Mkulima wa mpunga na mtoto anayeogelea ziwani hukipata kwa kuingia majini. Fomu inayouliza habari za kunywa peke yake itawaacha nje.

Kwa anayedhaniwa kuwa ameugua lakini maabara haijathibitisha, fomu yamwita "mshukiwa wa kipindupindu". Mshukiwa ni neno la polisi na mahakama. Mtu anayeharisha usiku hatakwenda mahali anapoitwa mshukiwa. Atajificha, na mficha maradhi kifo humuumbua. Matangazo ya afya ya miaka ya karibuni yametumia mhisiwa, wingi wahisiwa, na twaona ni neno linalofaa.

Risasi, sumu na matege

Maneno mengine matatu yanahitaji tahadhari. La kwanza ni risasi. Ni jina sahihi la madini, lakini ni jina la kile kinachotoka katika bunduki pia. Fomu yenye maneno "mtoto ameathiriwa na risasi" ikitoka nje ya zahanati itasomwa kuwa habari ya jinai. Tuandike madini ya risasi kila mara, bila kufupisha.

La pili ni sumu. Mwongozo wasema kwamba mgonjwa wa namna hii aandikwe "amekunywa sumu". Kila msemaji wa Kiswahili anajua maana ya maneno hayo: kwamba mtu alitaka kujiua. Uainishaji wa kimataifa una mafungu mawili mbalimbali: X40 hadi X49 kwa sumu iliyoingia kwa bahati mbaya, na X60 hadi X69 kwa aliyejidhuru kwa makusudi. Mtunza kumbukumbu akifuata maana ya kawaida ya Kiswahili atamweka mchimbaji mdogo wa dhahabu aliyedhurika kwa zebaki, au bibi aliyeteka maji bondeni chini ya machimbo, katika fungu la watu waliojaribu kujiua. Aibu itawabakia jamaa zake, na chanzo kitaendelea kutiririka. Iandikwe: amedhurika kwa zebaki iliyomo katika maji, au amedhurika kwa madini ya risasi.

La tatu ni matege, nalo ndilo linalotuuma zaidi. Matege ni umbo la miguu. Si jina la ugonjwa. Lakini vitabu vya shule vimetuzoesha kulitumia kwa ugonjwa wa mifupa unaotokana na upungufu wa vitamini D, na mwongozo umelipokea kwa maana hiyo. Mtoto wa kijiji chenye floraidi nyingi akiletwa na miguu iliyopinda, mhudumu ataandika matege. Mtunza kumbukumbu atatafuta matege, atakuta chirwa ya mifupa na msimbo E55.0, katika sura ya lishe. Mahali pake panapostahili, ikithibitishwa, ni M85.1, floraidi ya mifupa. Meno yenye madoa yanayotokana na floraidi yana K00.3.

Tazameni linalofuata. Mama ataambiwa ampe mtoto mayai na kumwotesha jua. Atakwenda kutafuta mayai kwa fedha asizokuwa nazo, na jioni atamnywesha mtoto maji yale yale. Mwisho wa mwaka wilaya itahesabu watoto wenye upungufu wa lishe, na mradi wa lishe utapelekwa. Mradi wa maji hautapelekwa, kwa kuwa katika hesabu hakuna aliyeumia kwa maji. Kila mtu atakuwa amefanya kazi yake. Kosa lilikuwa katika neno, na neno lilipita katika meza kama yetu.

Kuchafuka na kuchafuliwa

Kiswahili kina utajiri mmoja ambao mfasiri hakuutumia. Kitenzi chetu hutofautisha hali na tendo kwa herufi chache. Maji yaliyochafuka ni maji yaliyobadilika. Nani au nini kimeyabadili hatuambiwi. Maji yaliyochafuliwa yana mtendaji, hata kama hatajwi. Na maji yenye floraidi tangu miambani hayakuchafuka wala hayakuchafuliwa, ndivyo yalivyo. Fomu yatumia "yaliyochafuka" kwa yote matatu, pamoja na maji yanayopokea taka za kiwanda.

Tofauti hii si ya kisarufi tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeikubali kanuni kwamba mchafuzi hulipa. Mchafuzi hutokana na kuchafua. Kuchafuka hakuna mchafuzi. Ghuba ya Minamata, Japani, ambako wagonjwa wa kwanza waliripotiwa rasmi mwaka 1956, haikuchafuka. Ilichafuliwa kwa zebaki iliyotoka kiwandani, na serikali ilikuja kulitamka jambo hilo rasmi mwaka 1968. Hatusemi kwamba mhudumu wa zahanati awe hakimu. Pale asipojua, aandike "maji yanayodhaniwa kuwa na" kadha wa kadha. Lakini pale mtiririko unapoonekana na mgonjwa mwenyewe akautaja, kauli ya mgonjwa iandikwe kama alivyoisema, na lugha ya fomu isimfiche mtendaji.

Pingamizi moja

Tunajua tutaulizwa: kuna haja gani ya haya yote, ikiwa daktari huandika kumbukumbu zake kwa Kiingereza? Jibu letu ni kwamba daktari huja baadaye. Wa kwanza kuulizwa ni mgonjwa, na huulizwa kwa Kiswahili. Wa kwanza kuandika ni mhudumu, na fomu hii ameletewa kwa Kiswahili. Kiingereza cha daktari hujengwa juu ya jibu ambalo limekwisha kutolewa. Kama swali lilisema machafu, jibu likawa hapana, hakuna Kiingereza kitakachorudisha kisima kilichoachwa nje ya karatasi. Nchi hii imeweza kuuita mfumo wake wa taarifa za afya MTUHA, na jina hilo hutamkwa zahanati zote bila shida. Iliweza kuunda UKIMWI, neno linaloeleza ugonjwa kwa herufi sita. Haiwezekani ishindwe na safu ya tatu ya fomu.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mapendekezo yetu ni haya:

(a) Msimbo, wala si kodi. Na kazi yake iitwe kusimba.

(b) "Maji machafu" yaondolewe katika maswali ya mgonjwa. Kiandikwe chanzo, muda wa matumizi, na kilichomo pamoja na kipimo chake kikijulikana.

(c) Aliyefikiwa awe mtu aliyetumia au kuguswa na maji, awe mzima au mgonjwa. Mhisiwa awe mwenye dalili ambaye hajathibitishwa. Aliyethibitishwa awe aliyepimwa. Mwathirika abaki kuwa yule aliyepatwa na madhara.

(d) Madini ya risasi yaandikwe kwa ukamilifu, na "amekunywa sumu" isitumike ila kwa maana yake ya kawaida.

(e) Matege yaandikwe kuwa dalili, na mbele yake chanzo cha maji kiulizwe.

(f) Kuchafuka, kuchafuliwa na kuwa na madini kwa asili vitenganishwe.

Fomu tumeirudisha ikiwa na mapendekezo haya, pamoja na maelezo kwamba tahajia yake haikuwa na kosa. Wafasiri, walimu na watumishi wa afya wanaokutana na maneno haya kila siku wanajua mengi tusiyoyajua sisi tulio mezani, hasa namna watu wa kila mkoa wanavyoyataja maji yao. Tunawaomba watuandikie. Neno litakaloonekana bora kuliko kufikiwa tutalipokea, ilimradi lijaribiwe kwanza: lisomwe kwa sauti mbele ya mtu aliyebeba ndoo, na tungoje tusikie atakavyojibu.